Tuliposoma riwaya ya maangamizi chini ya Nyiragongo

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno "huenda". Nilikuwa nikiwasomea wenzangu riwaya iliyoandikwa kwa Kifaransa, nikiigeuza kwa mdomo kuwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, na kila mwandishi aliposema kwamba mtu fulani hakurudi, mimi nilisema huenda hakurudi. Aliposema kwamba mtoni hamkubaki samaki, nilisema huenda samaki walikuwa wamehamia kwingine. Sikukusudia, wala sikujisikia nikifanya hivyo. Nilizinduka katika kikao cha tatu, pale binti mmoja anayesomea mambo ya mazingira chuo kikuu, ambaye alikuwa ameketi nyuma yangu akiyafuata maandishi kupitia begani kwangu, aliposema kwa sauti ya heshima lakini iliyosikiwa na wote: "Samahani, Mwalimu, hapo hakuna huenda."

Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2024 tulianza kukutana Jumapili alasiri, watu tisa, katika chumba kidogo cha kanisa kilichojengwa kwa mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za mji huu. Hatukuwa chama wala hatukuwa na daftari la mahudhurio. Alikuwepo mzee mmoja fundi wa kujenga, mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, binti huyo mwanafunzi, kijana mmoja motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, ambaye kwao ni Kalehe, kusini kando ya ziwa hilohilo, na wengine waliokuja wakipata nafasi. Wengi wao wanasikia Kifaransa nusunusu, ndiyo maana nilikuwa nikitafsiri.

Riwaya yenyewe niliachiwa na rafiki aliyekuwa anahama. Inahusu mji wa bandari katika nchi ya kaskazini, miaka ishirini hivi mbele yetu: bahari imepanda na kula mitaa ya chini, mavuno yamekufa kwa ukame wa miaka mitatu, kisha mvua inarudi kwa hasira na kuangusha milima iliyokwisha kukatwa miti yote. Watu wanaondoka mmoja mmoja, na kitabu kinafungwa mji ukiwa mtupu. Hakuna anayeokoka kwa maana ya kuridhisha. Mimi niliisoma kwa siku mbili bila kulala vizuri, nikaamini kwamba ni kitabu kikubwa, na papo hapo nikaamini kwamba wenzangu watanilalamikia kuwa ni kizito mno. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hata majibu ya kukitetea. Sikuyatumia hata moja.

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa mzee fundi, tena hayakuhusu huzuni hata kidogo. Nilikuwa nimeeleza, kwa namna ya mwalimu anayetanguliza somo, kwamba mwandishi anatupeleka katika siku za usoni zilizo karibu. Mzee aliinua mkono kama mwanafunzi, akauliza: "Karibu na lini, Mwalimu?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alitaka kujua kama mwandishi anahesabu kuanzia 1977, 2002 au 2021, kwa sababu yeye aliyaona yote matatu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta ya Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika kwa kasi ambayo hakuna mtu awezaye kuikimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka tena, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaukata mji vipande viwili, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulifunguka bila wakazi kuonywa, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kwa mzee huyo, kitabu kinachosema "mji utakufa" hakitabiri kitu, kinachelewa.

Mimi mwenyewe mwaka 2002 nilikuwa na umri wa miaka 13. Tulivuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, na godoro moja na mbuzi, tukakaa siku mbili, na siku ya tatu mama akasema kwamba njaa ya nyumbani ni afadhali kuliko njaa ya ugenini, tukarudi. Lava ilikuwa imeganda juu, lakini chini ilikuwa bado moto; viatu vya plastiki vilinata. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu, alitafuta ufa uliokuwa ukitoa joto, akaweka juu yake sufuria ya maharagwe na kifuniko, akaketi kando na kijiti mkononi kama mtu aliye jikoni kwake. Maharagwe yaliiva upande mmoja tu. Tuliyala hivyohivyo, na mpaka leo, tukikutana kwenye sherehe, kuna atakayeuliza kama maharagwe yameiva pande zote.

Nilisimulia habari hiyo katika kikao cha pili ili kuchangamsha watu, na hapo ndipo mama muuza sambaza alipolipata jambo lililokuwa likimkera tangu mwanzo. "Ndiyo hiyo," alisema. "Katika kitabu hiki watu hawapiki." Nilirudi nyuma kwenye kurasa, nikaona kweli: kurasa sitini za njaa, na hakuna sufuria. Wahusika wanafungua makopo, wanatazama dirishani, wanakumbuka. Kisha akaongeza lalamiko lake la pili, ambalo nadhani mhakiki yeyote wa magazeti angelikosa: hakuna bei. Tarehe 27 Mei 2021, wakati mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ilipoamriwa kuhama, mamia ya maelfu ya watu wakamiminika kwenye barabara ya Sake na wengine wakapanda boti kwenda Bukavu, yeye alikuwa na beseni la sambaza wabichi ambao wangeoza kabla ya jioni. Aliwauza njiani, akitembea, kwa bei iliyoshuka kila kilometa, huku bei ya ndizi ikipanda kila kilometa upande wa pili wa barabara. Alikumbuka bei zote mbili, mahali kwa mahali, hadi Sake. Mwandishi ambaye hajui kwamba katika kukimbia bei ndiyo habari ya kwanza, alisema, huyo amekimbia kwenye sinema.

Nilitaka kumtetea mwandishi, nikasema kwamba labda katika ulimwengu wake fedha imekwisha maana. Mama alinitazama kwa huruma. "Fedha haikwishi maana, Mwalimu. Inakwisha mfukoni."

Basi nikaanza kuona kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi ambao haukuwepo. Nilidhani swali ni kama giza la kitabu limezidi. Kwao giza lilikuwa sawa. Kilichowaudhi ni utupu wake, yaani mwandishi alikuwa ameondoa watu waliozoea kuwapo gizani: anayeuza chumvi kwa kijiko, anayegombania nafasi ya godoro, shangazi anayelaumu kila mtu. Binafsi ninadhani walimwonea kidogo. Ukimya wa kitabu kile ni wa makusudi, na kuna kurasa zake ambazo singependa ziguswe. Ila tangu siku hiyo kila ninaposoma habari za mji ulioangamia ninatafuta moshi wa jikoni, na nisipouona ninashuku.

Isidhaniwe kwamba tulikaa tukijisifu kuwa sisi tunasaidiana na wageni wanakulana. Katika riwaya kuna sura ambamo majirani wanavunja duka la dawa, na nilitarajia watu waseme kwamba hayo si ya kwetu. Mzee fundi ndiye aliyekataa. Alikumbusha kituo cha mafuta cha mwaka 2002, ambapo makumi ya watu walikufa kwa mlipuko walipokuwa wakichota mafuta huku lava ya moto ikiwa kando yao. Kisha, bila kuulizwa, alisema kwamba yeye mwenyewe wiki ile aliezua mabati kumi na mawili kwenye nyumba ambayo wenyewe hawakuwa wamerudi. "Nilijiambia ni ya kuazima," alisema. "Bado yako juu ya jiko langu." Hakuna aliyemjibu, na mimi nilifungua kitabu haraka mno, kwa uoga wa mwalimu ambaye darasa limemshinda. Laiti ningenyamaza. Nadhani alikuwa na sentensi nyingine.

Lililomshangaza zaidi mzee huyo ni kwamba katika riwaya hakuna anayerudi. Alieleza jinsi mwaka 2002, mawe yakiwa bado vuguvugu, watu walivyokuwa juu ya lava na kamba na vigingi, wakibishana juu ya mipaka ya viwanja ambavyo vilikuwa mita mbili chini ya miguu yao. Alama zote zilikuwa zimezikwa. Walipima kwa kukisia kutoka kwenye mti uliosalia au kona ya ukuta. Yeye alijengea watu juu ya viwanja hivyo, kwa mawe yaleyale yaliyowafukuza. Kuna jengo mjini, alisema, ambalo ghorofa yake ya kwanza sasa ni ya chini, na mlango wa zamani uko ardhini, umefungwa na lava, ufunguo wake bado anao mwenyewe.

Binti mwanafunzi alikuwa upande wa kitabu, na alikuwa mkali. Alisema kwamba kurudi kwetu si ushujaa tu bali pia ni kukosa pa kwenda, na kwamba tunapenda mno kuzungumza juu ya mlima kwa sababu mlima hatukuuwasha sisi. Akatutajia yaliyo ziwani. Ziwa Kivu limebeba katika vilindi vyake takriban kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeshikiliwa chini na uzito wa maji. Rwanda inavuna methani hiyo kuzalisha umeme. Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo kabisa likilinganishwa na letu, lilitoa gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Mama muuza sambaza, ambaye maisha yake yote yametoka katika maji hayo, aliuliza kama sambaza wanajua. Binti akasema wanaishi juu, mahali penye hewa. "Kama sisi," akasema mama, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Hapo niliona jambo la lugha ambalo linanifurahisha mpaka leo. Mwandishi wa riwaya alitumia kurasa mbili kueleza hofu ya kifo kisichoonekana, hewa inayoua bila rangi wala harufu, naye alijitahidi kweli; lakini nilipofika kutafsiri, kikundi kizima kilinikatiza kwa neno moja: mazuku. Kila mtoto wa Goma analijua. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni alfajiri wakati hakuna upepo, ikaua mbuzi, na mara nyingine mchungaji anayeinama kumwinua mbuzi. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanaliandika hivyohivyo kwa Kiswahili, mazuku, kwa sababu hawakuwa na lao. Kurasa zile mbili tukazipita kwa dakika moja.

Ukali wa binti ulikuja kwenye makala, yaani makaa ya kupikia. Katika riwaya wanaolaumiwa kwa ukataji wa miti ni makampuni yasiyo na sura, yenye ofisi ng'ambo. Yeye aliona kwamba hapo mwandishi amewahurumia wasomaji wake. Kwetu, alisema, msitu wa Virunga unashuka mjini ndani ya magunia, kwenye malori na kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, mbele ya macho yetu, na karibu kila jiko la Goma linawaka kwa makala hayo, likiwemo la mama yake na la kila aliyeketi pale. Mama muuza sambaza alisimamisha mkono juu ya ungo. "Binti yangu, mimi nikaange samaki kwa nini? Kwa kitabu?" Binti akasema hakuwa akimlaumu yeye. "Unanilaumu," akasema mama bila kupandisha sauti, "na si vibaya, ila nilaumu ukiwa na jibu mkononi." Wakabishana mpaka kengele ya ibada ya jioni ilipolia: juu ya majiko yanayokula makala kidogo, juu ya gesi ya mitungi na bei yake, juu ya wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya waliokuwa wakilala juu ya mawe chini ya maturubai, ambao vita ilikuwa imewanyima mashamba na ambao kuni ndiyo biashara pekee waliyokuwa wamebaki nayo. Sikutafsiri hata ukurasa mmoja siku hiyo, na naihesabu kuwa siku bora kuliko zote.

Siku mbaya ilikuwa ile ya sura ya kumi na moja.

Niliijua sura hiyo. Nilikuwa nimeisoma mara mbili, na nilijua kwamba ndani yake mto unashuka juu ya soko. Nilijua pia kwamba kijana motari kwao ni Kalehe. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu wiki nzima kama wapangaji wa vyumba viwili wasiosalimiana. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, mvua iliyonyesha juu ya milima ya Kalehe ilishusha mito juu ya Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walizikwa na wengine wengi hawakuonekana tena. Kijana alipoteza mama yake na mdogo wake wa kike waliokuwa sokoni. Alikuwa amenieleza hayo mara moja, kwa kifupi, akiwa ananipeleka nyumbani kwa pikipiki, na mimi nilisema pole kwa mgongo wake.

Nilianza kusoma. Mwandishi anaanza na soko lenyewe, kwa utulivu: meza, mbwa, mwanamke mwenye kikapu cha mayai anayesita kama aondoke au angoje mvua ipungue. Nilikuwa bado kwenye mayai kijana aliposimama, akachukua kofia yake ya pikipiki chini ya benchi, akatoka. Hakuugonga mlango. Tulisikia pikipiki ikikataa kuwaka mara mbili, kisha ikawaka. Nilifunga kitabu, nikasema kwamba tutaruka sura hiyo, na mzee fundi akaniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Ulimwambia kabla?"

Sikumwambia. Nilikuwa na wiki nzima, nilikuwa na namba yake ya simu, na nilipanda pikipiki yake siku ya Jumatano. Nilijipa sababu kwamba kumwonya kungekuwa kumfanya mgonjwa mbele ya wengine, lakini ukweli ni kwamba sikutaka mazungumzo yale. Nilikuwa nikiweka "huenda" kila mahali penye huzuni ya karatasi, ili kuwalinda watu wazima ambao hawakuniomba ulinzi, na mahali pekee palipohitaji neno kutoka kwangu nilinyamaza. Jumatatu nilimpigia. Hakupokea. Nilimwandikia ujumbe mfupi wa kuomba radhi, nao haukujibiwa.

Alirudi baada ya wiki nne, akaketi mahali pake, akaweka kofia chini ya benchi. Tulikuwa tumefika sura ya kumi na nne. Nilitaka kusema kitu, naye aliniwahi kwa kuuliza kama ni kweli tuliruka ile sura. Nikakubali. Akasema kwamba asingependa kitabu kirukwe kwa ajili yake, maana sasa kila mtu pale anaijua sura hiyo kuwa ni yake. Aliomba akisome nyumbani. Nilimpa kitabu, na tukakaa Jumapili mbili bila riwaya, tukizungumza tu, jambo ambalo halikumsikitisha yeyote.

Kilipofika kikao kilichofuata alikuja na kitabu kikiwa kimefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akasema kwamba sura ile ataisoma yeye. Kifaransa chake ni cha sekondari. Alisimama kwenye maneno, akaniuliza mawili au matatu, na alitafsiri kwa Kiswahili cha kwao, kikavu, bila kuongeza wala kupunguza. Alisoma soko. Alisoma mvua. Alipofika kwenye maji yenyewe alisimama, akasema kwa upande, kama mtu anayesahihisha hesabu: "Hapa ameandika maji. Kwetu hayakuwa maji, Mwalimu. Yalikuwa mawe. Maji yalikuja nyuma." Mzee fundi akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mawe anayajua. Kijana akaendelea mpaka mwisho wa sura, ambapo wanaume wanapita asubuhi na fito wakichoma matope kutafuta waliozama.

Tulikaa kimya kidogo. Mama muuza sambaza alikuwa ameweka ungo chini. "Na yule mwanamke wa mayai?" aliuliza. "Aliondoka au alingoja?"

Mimi najua kwamba mwandishi hamtaji tena. Nilikisoma kitabu mara mbili. Neno lile lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wangu, nikalimeza. Kijana alirudi kurasa tatu nyuma, kisha mbili mbele, kidole chake chenye oili kikishuka mstari kwa mstari, akimtafuta.